Viti 42 vya Mikindani: shajara ya kutoa wino kwenye plastiki

Jumamosi, 5 Julai 2025

Kirikuu imeshusha viti saa tano asubuhi, hapa kwetu Magomeni, Mtwara mjini. Viti 42 vya plastiki, vyeupe, vya mikono. Nimevinunua Mikindani kwa mama mmoja aliyekuwa akikodisha viti na maturubai. Umri umekwenda, watoto wako mbali, hana tena wa kumbebea. Kanifanyia 6,000 kila kimoja. Ni vizima, hakuna mguu uliopasuka.

Tatizo liko mgongoni. Upande wa nyuma wa egemeo, kila kiti kimeandikwa kwa makapeni nyeusi jina la biashara yake na namba, herufi nene zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Vitano vina pia michoro ya peni ya kawaida kwenye mikono, kazi ya watoto waliokalishwa kwenye mikutano mirefu.

Tulipoagana alinishika mkono akasema, "Mwanangu, jina langu ulifute lote. Sitaki kiti kikivunjika kwenye shughuli ya watu nitajwe mimi." Nikamjibu, "Nitalifuta, mama." Nimeahidi, ndiyo maana naandika kila hatua. Muda ninao mpaka Oktoba. Minada ya korosho ikianza na watu wakilipwa, harusi na ngoma hupangana foleni, na viti vyangu nataka viwe safi kabla ya hapo.

Leo tumevikosha kwa sabuni ya unga na sponji. Vumbi limetoka, wino uko palepale.

Jumapili, 6 Julai

Mdogo wangu aliamka mapema akaanza na stili waya kwenye kiti namba 17 kabla sijatoka ndani. Nimekuta weusi umepungua, lakini egemeo limekwaruzika lote, limekuwa la kijivu lisilong'aa. Nilipolitazama kwa karibu juani nikaona wino umebaki ndani ya mikwaruzo, mistari myembamba kama nywele. Sasa umejificha mahali ambapo kitambaa hakifiki, na kila mkwaruzo utakamata jasho na vumbi la kila shughuli.

Stili waya nimeirudisha jikoni kwenye masufuria. Kiti 17 nimekiweka kando.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, mapumziko. Duka la dawa la karibu lilikuwa wazi, nimenunua spiriti ya kusafishia vidonda na pamba bunda moja.

Wino wa makapeni ni rangi iliyoyeyushwa kwenye kimiminika chenye asili ya alkoholi, pamoja na utomvu unaoigandisha. Ukiandika, kimiminika hupaa, rangi na utomvu hubaki vimeshikamana na plastiki. Maji hayavijui hivyo vitu viwili, ndiyo maana sabuni ilishindwa juzi. Alkoholi inavijua, kwa sababu ndiyo iliyovibeba tangu mwanzo.

Mara ya kwanza nilipitisha pamba yenye spiriti kwa nguvu, kama mtu anayefuta meza. Herufi ziliyeyuka zikawa wingu la bluu-nyeusi lililotambaa egemeo zima. Nimetumia robo saa kusafisha uchafu nilioutengeneza mwenyewe.

Kiti cha pili nikabadilisha. Nimekilaza kifudifudi ili spiriti isitiririke. Nikaweka pamba iliyolowa juu ya herufi moja, nikaiacha ikae huku nikihesabu mpaka 30. Kisha nikaibonyeza na kuinyanyua juu bila kuiburuta. Pamba inakuja na wino. Geuza upande safi, rudia. Pamba ikijaa, tupa, chukua nyingine. Unaanzia ukingo wa herufi kuelekea katikati, usije ukapanua doa. Pamba ndiyo inayotoa wino. Spiriti kazi yake ni kuulegeza tu, na wino uliolegezwa usipobebwa juu unarudi kukaa mahali pengine, au unazama zaidi.

Kiti cha tatu nimejaribu kitakasa mikono kilichobaki kabatini tangu enzi za korona. Kwa sehemu zilizosimama wima kinashinda spiriti, kwa sababu ni kizito kama uji, kinashika pale ulipokipaka badala ya kukimbilia miguuni. Nitakitumia kwenye mikono ya viti.

Yote haya tumefanya uani chini ya mwembe, jiko la mkaa likiwa limezimwa kabisa. Mvuke wa spiriti unashika moto upesi, na upepo wa kusi unaupeleka unakotaka wenyewe.

Jumatano, 9 Julai

Viti vinane. Weusi unatoka vizuri, ila nyuma yake unabaki ukungu wa zambarau ambao spiriti haiugusi tena. Makapeni nyeusi nyingi zimechanganywa rangi kadhaa ili zipate weusi, na hii ya zambarau ndiyo iliyozama zaidi.

Kuna viti ambavyo ukungu huo hauonekani kabisa, na vingine jina linasomeka kama limeandikwa chini ya maziwa. Nimemuuliza mama mwenyewe kwa simu. Kasema vingine vilikaa ndani ya banda, vingine vilishinda nje miaka yote. Hapo nikaelewa. Plastiki ikipigwa na jua muda mrefu, ngozi yake ya juu huoza polepole na kupasuka mipasuko midogo isiyoonekana kwa macho. Ukipitisha kidole unatoka na unga mweupe kama chaki. Wino ulioandikwa juu ya ngozi kama hiyo hauwezi kukaa juu tu.

Jirani kanishauri nichanganye Jik na spiriti ili viwe vikali. Nimemkatalia, na naandika hapa kwa ajili ya yeyote atakayeshika kazi hii baada yangu: Jik na spiriti vikikutana hutengeneza kemikali zenye sumu, klorofomu ikiwemo, na Jik na siki hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Jik peke yake nimeijaribu kwenye ukungu, dakika 20, haikufanya chochote.

Jumamosi, 12 Julai

Leo nimejaribu asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Nimeipima kwanza chini ya kikalio, nikasubiri dakika 10: plastiki haikulainika wala kubadilika. Kwenye maandishi inafanya kazi haraka kuliko spiriti. Viti 11 kabla ya adhuhuri, na ukungu umepungua kidogo.

Mchana mama mdogo akaja na droo ya friji yake, ile ya kioo-kioo ya kuwekea mboga, ina doa la peni iliyovuja. Kwa jinsi viti vilivyokuwa vinakwenda, nikachukua pamba ileile yenye asetoni nikaiweka juu ya doa nikihesabu mpaka 30.

Nilipoinyanyua, pamba ilikuwa imeganda. Nyuzi zake zimeshika kwenye droo, na pale palipokuwa na doa pamekuwa peupe, pamekunjamana, pananata kama gundi. Doa la bluu limo ndani yake, limefungiwa. Droo ya watu nimeiharibu. Nimemwomba radhi, nitamlipa mwezi huu. Kasema, "Mwanangu, si umejaribu?" Lakini imeniuma, kwa kuwa kile kipimo cha dakika 10 nilichowapa viti vyangu sikuipa droo ya mtu mwingine.

Jumapili, 13 Julai

Siku nzima sikugusa kiti. Nilitaka kujua kwa nini kitu kimoja kisafishe plastiki moja na kula nyingine.

Nimechukua peni ya BIC iliyokwisha, ile ya kawaida iliyoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1950 na mpaka leo iko kila duka hapa Mtwara. Nikatoa mrija wa wino, nikaweka bomba lake la kioo-kioo na kifuniko chake cha bluu kwenye kikombe cha udongo chenye asetoni. Bomba lilianza kulegea, likapoteza kingo zake, likawa kitu cha kuvutika. Kifuniko nilikitoa, nikakifuta, kiko kama kilivyokuwa. Ni peni moja, imetengenezwa kwa plastiki mbili. Bomba ni polistirini, kifuniko ni polipropilini. Droo ya mama mdogo ni ndugu wa bomba. Viti vyangu ni ndugu wa kifuniko.

Sisi tunasema "plastiki" kama tunavyosema "mti", halafu tunashangaa mpingo hauchongeki kama mwembe.

Njia ya kuvitambua ipo chini ya kitu chenyewe, ile pembetatu ya mishale yenye namba, iliyobuniwa na chama cha wenye viwanda vya plastiki Marekani mwaka 1988. Namba 1 ni chupa za maji. Namba 2 ni madumu na ndoo nyingi. Namba 3 ni PVC, ile ya mabomba ya maji, namba 4 nailoni laini, 5 ni polipropilini, 6 polistirini, na 7 ni mchanganyiko wa zilizobaki. Kwa asetoni, 2, 4 na 5 hazina wasiwasi. Kwa 3, 6 na 7 usiikaribishe kabisa, na hata spiriti ianze mahali pasipoonekana.

Vitu vingi havina pembetatu. Kwa hivyo kuna maji. Kwangua kipande kidogo mahali palipojificha, kitumbukize kwenye bilauri ya maji yenye tone la sabuni ili mapovu ya hewa yasikidanganye. Polipropilini na jamii ya madumu huelea, kwa sababu ni nyepesi kuliko maji. Polistirini na PVC huzama. Nimejaribu kwa vipande vya beseni, kifuniko cha hotpoti, kijiko cha keki na bomba la maji. Beseni likaelea, kijiko na bomba vikazama. Kifuniko cha hotpoti kikaelea.

Nikafanya hivyo kwa viti pia, na hapa nikashangaa. Viti 30 vya muundo mmoja vipande vyake vinaelea. Vile 12 vya muundo mwingine, vyenye tundu la ua mgongoni, vinazama, ingawa vina namba 5 ileile chini ya kikalio. Viti vya bei nafuu mara nyingi huchanganywa unga wa chokaa ili kupunguza gharama, na chokaa ni nzito. Kwa hiyo kuelea ni habari ya uhakika zaidi kuliko kuzama: kilichoelea unaweza kukiamini, kilichozama kipime upya. Na hivyo 12 ndivyo vyenye ukungu mbaya kuliko vyote. Nadhani ule unga umevifanya viwe na vinyweleo zaidi.

Jumamosi, 19 Julai

Weusi umetoka kwenye viti vyote 42. Sasa nina kesi ya ukungu kwenye viti 19.

Dawa ya meno nyeupe, ile isiyo ya jeli, kwa kitambaa cha pamba, kwa mizunguko midogo. Inasugua ile ngozi ya chaki ya juu na kuondoka nayo pamoja na wino ulioko humo, bila kukwaruza kama stili waya. Viti 6 vimekubali, dakika 12 hivi kila kimoja, na mkono unauma.

Kuandika tena juu ya wino wa zamani kwa makapeni mpya na kufuta upesi kabla haujakauka, nimejaribu kwenye kifuniko cha hotpoti kilichoandikwa jina. Kimetoka mara moja, kwa sababu kifuniko ni laini kama kioo. Kwenye kiti kilichochakaa nimeongeza wino juu ya wino.

Vilivyobaki 13 nimevitafutia jua. Kuna njia inayotumiwa na watu wanaorudisha weupe wa kompyuta za zamani zilizogeuka njano: hidrojeni peroksidi pamoja na mwanga wa jua. Peroksidi huvunja sehemu ya rangi inayotupa rangi machoni, na jua linaiharakisha. Ile ya maji inayouzwa duka la dawa ni hafifu na inatiririka. Lakini saluni wanayo ya krimu, ile wanayochanganya na rangi ya nywele. Dada wa saluni kaniuliza, "Unataka volumu ngapi, dada? Unapaka mwenyewe?" Nikamwambia ni ya viti, akanitazama, akanipa ya volumu 40, ambayo ni asilimia 12. Ya volumu 20 ni asilimia 6.

Vaeni glovu. Tone moja lilinigusa kifundo cha mkono, ngozi ikawa nyeupe na kuwasha kwa saa nzima.

Krimu ikikauka inaacha kufanya kazi, kwa hiyo lazima ifunikwe kwa kitu kinachopitisha mwanga. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, nyumba nyingi hazina tena. Nimetumia nailoni ya godoro jipya la mdogo wangu, nimeikata vipande, nikabana kingo kwa vibanio vya nguo.

Jumapili, 20 Julai

Saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, migongo 13 imegeuzwa kuelekea jua. Kila nusu saa napita kubonyeza nailoni, kwa kuwa penye povu la hewa panabaki na baka. Jua la Julai hapa si kali kama la Desemba, lakini anga liko wazi na kusi halina mvua.

Nilipoosha: viti 8 safi kabisa. Nilisimama navyo muda. Egemeo jeupe, hakuna jina, hakuna namba, mpaka nikavigeuza mara mbili nihakikishe sijachanganya na vingine.

Vitano bado vina kivuli, vyote vya tundu la ua.

Jumapili, 27 Julai

Raundi ya pili na ya tatu kwa vile vitano. Viwili vimetoka. Vitatu nimeamua kuviacha. Jua na peroksidi vinaendelea kuila ngozi ya plastiki kila ninapovirudisha, na kiti kinachokalia watu nguvu yake ni muhimu kuliko weupe wake. Nilifikiria kupaka rangi ya mafuta juu, lakini rangi haishiki kwenye polipropilini, inabanduka kama ganda la kitunguu.

Wakati huohuo mpwa wangu wa miaka 5 kaniletea mdoli wake. Kasikia shangazi anatoa wino. Mdoli ana mistari ya peni shavuni na paji la uso, ya miezi kadhaa. Mwili wa mdoli ni PVC iliyolainishwa kwa mafuta maalumu, na wino wa peni wenyewe ni mzito, wa asili ya mafuta. Vikikutana vinachanganyikana. Wino unasafiri kwenda ndani na kutanuka, ndiyo maana mistari yake imevimba kingo. Spiriti ingechukua cha juu na kuondoka na ule ulainifu, shavu likawa gumu.

Kwa huyu nimetumia krimu ya chunusi ya benzoili peroksidi, asilimia 10, ya duka la dawa. Nimepaka juu ya mistari tu kwa kijiti cha pamba, nikikwepa nyusi na midomo kwa kuwa nayo ni rangi, ingepauka. Nailoni juu, kisha dirishani penye jua. Nimemwambia mwenyewe itachukua siku nyingi. Kauliza, "Anaumwa?" Nimemwambia ndiyo, anapakwa dawa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Nusu ya mtaa wamekwenda Lindi, viwanja vya Ngongo. Mimi nimebaki na mdoli. Kila siku mbili nimekuwa nikimfuta, nikimtazama, nikimpaka upya. Mstari wa shavuni haupo. Wa paji la uso ni uzi wa kijivu usioonekana mpaka uambiwe. Siendelei zaidi, kwani ngozi pale imeanza kuwa nyeupe kuliko iliyobaki. Nimemwosha kwa sabuni mara tatu kabla ya kumrudisha, maana mpwa wangu humbusu.

Michoro ya peni kwenye mikono ya vile viti vitano ilitoka kwa kitakasa mikono mara mbili tu. Wino uleule wa peni, plastiki tofauti. Gundi ya stika ya bei iliyokuwa chini ya viti vitatu imelegea kwa mafuta ya nazi usiku mmoja, kama bibi alivyosema.

Jumamosi, 16 Agosti

Hesabu: viti 38 safi. Vitatu vina kivuli. Namba 17 ya mikwaruzo imefikia mahali pa kukalika nyumbani.

Nami lazima niweke alama yangu, maana kwenye shughuli viti vya watu watatu huchanganyika. Wino sitaki. Nimechoma herufi moja ndogo chini ya kikalio, kwa waya uliopashwa moto, mahali pasipoona jua wala macho ya wageni. Tumefanya nje, tukiwa tumeupa upepo mgongo ili moshi usituingie puani. Sekunde mbili tatu kila herufi zinatosha. Ukizidisha, waya unatoboa.

Jumapili, 17 Agosti

Nimepanda bajaji mpaka Mikindani na kiti kimoja kichwani mwa bajaji, kimefungwa kwa kamba. Mama alikuwa barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Hicho ni changu?"

Kakichukua, kakigeuza, kapitisha kidole gumba mgongoni mwa kiti kuanzia kushoto kwenda kulia, polepole, pale jina lilipokuwa. Kisha akakipeleka kwenye mwanga na kukiinamisha. Kauliza vyote viko hivi. Nikamweleza kuhusu vile vitatu, kwamba ukivitazama juani jina lake bado linasomeka, na kwamba havitatoka nyumbani kwangu kwenda shughuli yoyote.

"Basi hivyo nirudishie," kasema. "Nitakalia mwenyewe."

Jumamosi ijayo navipeleka.